Shao na Gari Linalojifunga Milango

Mume wangu Shao alianza kumwendesha Bosi Pang wakati kiwanda chake cha vigae kilikuwa bado banda la bati nje ya mji wa Hefei. Watu hudhani kazi ya dereva ni usukani. Shao huwaambia kazi ni mlango. Gari likisimama, yeye huwa tayari ameshashuka na kuzunguka upande wa kulia wa nyuma, kiti cha heshima. Hufungua mlango kwa mkono mmoja, na mkono wa pili huuweka juu, kwenye ukingo wa paa, ili kichwa cha bosi kisigonge. Miaka yote hiyo, kichwa cha Pang hakijawahi kugonga popote.

Na masikio je! Bosi akitoka kwenye karamu, Shao alijua amekunywa kiasi gani kwa kumsikiliza tu anavyopumua kule nyuma. Akisikia pumzi inakwama, anasimama kando ya barabara na mfuko wa plastiki mkononi. Nilijivunia mume wangu, ingawa sikumwambia. Mwanamume ukimsifu sana anaanza kuchagua chakula.

Basi gari jipya likaletwa. Sisi tunaoishi nyumba za kiwanda tulitoka wote, mimi nikiwa na unga wa maandazi ya mvuke mpaka viwikoni. Vioo vya pembeni vilikuwa vimefungwa vitambaa vyekundu, fataki zikalipuliwa mbele ya magurudumu, na moshi ulipotawanyika macho yalinitoka. Lilikuwa refu kupita kiasi. Juu jeusi, chini rangi ya fedha, na rangi yenyewe ina kina, nikainama nikajiona mzima na aproni yangu. Taa za mbele hazikuwaka tu, zilimwagika kwa vinukta vinukta. Na limeundwa hapa hapa kwetu China, Pang alisema, akarudia, kisha akarudia tena kwa wale waliokuwa nyuma.

Shao alikuwa amevaa glavu mpya nyeupe. Akazunguka kwa adabu zake, akanyoosha mkono. Kabla hajagusa kitu, Pang aliinua kiganja chake kidogo tu, na mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, mpaka mwisho. Mkono wa Shao ukabaki hewani, kama wa mtu aliyetaka kusalimiana akaachwa.

"Umeona, mzee Shao?" Pang akasema. "Hata mlango hauhitaji mtu."

Wafanyakazi wakacheka. Mimi sikucheka.

Tukaonyeshwa na ndani. Kiti cha nyuma kinajikunjua mpaka mtu analala kabisa, miguu ikiwa juu kuliko moyo, na chini ya ngozi kuna vitu vinavyokukanda mgongo kwa joto. Kuna friji ndogo, kuna meza ya chai, kuna skrini inayoshuka kutoka juu. Darini kuna nyota za taa, zinametameta kweli, na moja moja inakatiza kama inaanguka. Ukigusa kitufe, vioo vyote vya nyuma vinakuwa vyeusi, na kioo kingine kinapanda kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Hapo wewe unamwona aliye mbele, yeye hakuoni, na hata ukipiga kelele hakusikii. Nilisema, "Mungu wangu, mtu anaweza kufa humu ndani," na mke wa Pang akanitazama vibaya kwa kutaja kifo mbele ya gari jipya.

Mwishowe Pang alishuka, akabonyeza simu yake, na gari likaenda upande upande kama kaa, likajiegesha kwenye nafasi finyu bila mtu ndani. Umati ukapiga makofi. Shao alipiga pia, glavu zake hazikutoa sauti.

"Kwenye barabara kuu linajiendesha," Pang akasema, mkono begani kwa mume wangu. "Mwisho wa mwaka tutaona nani anamwendesha nani."

Shao alibakiza miaka michache tu apate pensheni yake, na nani atamwajiri dereva mwenye kipara na goti bovu? Usiku ule wala hakugusa chakula. Nikamwambia, "Kula bwana, gari halijui kula." Akasema, "Halijui kula, mama Wenwen, ndiyo maana litabaki na mimi nitaondoka." Nikafunika bakuli lake, maana alikuwa amesema kweli.

Baada ya wiki chache ikafika siku ya kuzaliwa ya Bi Mkubwa, mama yake Pang. Anatimiza miaka themanini. Bibi huyu anaishi milimani, Jinzhai, na hataki kuhamia mjini kwa sababu lifti humtia kichefuchefu. Pang akakodi ukumbi mzima wa hoteli na kualika kila mtu ambaye maoni yake ni muhimu, na sisi wengine tukapewa meza iliyo karibu na mlango wa jikoni. Yeye mwenyewe akaenda na Shao kumchukua mama.

Ya njiani nimesimuliwa na Shao, na Shao hajui kutia chumvi.

Bi Mkubwa alitoka nyumbani kwake na koti jekundu la sherehe, mtungi wa mboga za chumvi kifuani. Pang akamlaza kwenye kile kiti cha heshima, akampandisha miguu, akawasha kukanda, akawasha nyota, akamwonyesha jinsi ya kuinua kiganja mlango ufunguke. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akaketi mbele, kando ya dereva, ili mama apate nyuma yote peke yake. Watu wa kijijini waliona, wakasema huyo ndiye mtoto. Akavitia vioo weusi, akapandisha kile cha katikati.

"Mtu asimsumbue," akamwambia Shao. "Mtoto mwenye adabu hamwamshi mamake siku yake."

Katikati ya safari walisimama kwenye kituo cha mapumziko. Shao akaenda msalani. Pang akasimama mbele ya gari akivuta sigara na kugombana na hoteli kwenye simu, kuhusu keki. Shao aliporudi akataka kuchungulia nyuma. Ni mazoea yake, kila akisimama lazima amtazame abiria.

"Bosi, nimtazame Bi Mkubwa kidogo?"

"Umtazame nini? Angalia hapa." Pang akaonyesha skrini ya mbele, kando ya usukani. Palikuwa na picha ya kiti, inawaka kijani: abiria yupo, mkanda umefungwa, mgongo unakandwa, joto zuri. "Gari linajua, mzee Shao. Acha ushamba."

Shao akawaza mwisho wa mwaka, akaondoa gari.

Hotelini tulikuwa tumejipanga mistari miwili kandokando ya zulia jekundu. Kina shangazi mbele, wafanyabiashara nyuma yao, na jikoni tambi ndefu za kumtakia maisha marefu zilikuwa zinangoja kutumbukizwa majini. Gari likaingia bila sauti. Pang akashuka upande wa mbele, na minong'ono ikapita: ameketi na dereva, kamwachia mama nyuma! Shangazi mmoja alijifuta machozi. Pang akasimama wima, akaweka koti lake sawa, akainua kiganja kama kiongozi wa kwaya.

Mlango ukafunguka.

Nyota zilikuwa zinametameta. Kiti kimejikunjua chote. Na juu ya kiti, umefungwa mkanda vizuri, mtungi wa mboga za chumvi, ukitikisika polepole kwa kukandwa.

Nimeona mengi katika maisha yangu, nimeona tanuri la vigae likipasuka, lakini sijawahi kuona watu wengi hivyo wakishtuka bila sauti. Mtungi uliendelea kukandwa.

"Mama yuko wapi?" shangazi akauliza.

Pang aliingiza kichwa ndani. Akatazama sakafuni, akatazama hata kwenye friji, naapa, alifungua friji. Kwenye kona kulikuwa na mkoba wa bibi, na simu yake ndani ya mkoba. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Shao!" akapiga kelele. "Umemwacha wapi mama yangu?"

Mume wangu alisogea, akautazama ule mtungi.

"Kazi yako ni nini? Eh? Kazi yako ni nini hasa? Umefukuzwa! Watu wote hawa ni mashahidi, umefukuzwa kazi!"

Damu ilinichemka. Unga wetu ulikuwa umemwagika mbele ya halaiki, na kwa kosa la nani? Nikatoka kwenye mstari. "Bosi," nikasema, "na wewe ulikuwa umekaa wapi, kwenye buti?"

Hata mimi nilishtuka kujisikia. Shao akanivuta mkono. Lakini Pang alikuwa tayari amekaa kwenye usukani, analiambia gari limrudishe. Gari likamuuliza, kwa sauti tamu ya msichana, aende wapi. Hakujua. Wakati wa kusimama alikuwa kwenye simu, akigombania keki.

"Ni kituo cha pili baada ya daraja refu," Shao akasema taratibu. "Lakini kiko upande wa pili wa barabara kuu, lazima tukipite, tugeuze mbele, ndiyo turudi. Sogea, bosi."

Na Pang akasogea. Mimi nikajitupa nyuma, nikaukumbatia mtungi, maana Bi Mkubwa ananijua na nilitaka aone angalau sura moja ya kawaida.

Ndipo nikalielewa lile gari. Mlango ulijifunga nyuma yangu kimya, ukajivuta wenyewe pale mwisho. Nikaketi, kiti kikaanza kunikanda. Mbele niliona vichwa viwili nyuma ya kioo, midomo inakwenda, sisikii neno. Nikaita, "Shao!" Nikagonga kwa ngumi. Hakugeuka. Mwanamume anayesikia pumzi ikikwama hakunisikia mimi mkewe nikipiga mayowe nyuma ya shingo yake. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: gari liliposimama kituoni, bibi wa watu aliamka, alitaka msalani, aliita, hakuna aliyejibu. Akaufunga mtungi wake mkanda usije ukadondoka, akainua kiganja kama alivyoonyeshwa, akashuka. Na gari, kwa adabu zake zote, likajifunga nyuma yake.

Kituoni kulikuwa na malori, mvuke wa mayai yanayochemshwa kwenye chai, na mama mmoja anafagia. Pang alishuka mbio, tai begani.

"Mmemwona bibi? Koti jekundu?"

"Yuko pale kwenye kigoda," yule mfagiaji akasema. "Tumembembeleza atupe namba ya mwanawe tumpigie, amekataa. Anasema hana mtoto."

"Amesema nini?"

"Hana mtoto. Anamngoja dereva wake, basi."

Pang alisimama kama aliyepigwa kofi. Nami nilisimama nyuma yake, nikimchukia bado. Bi Mkubwa alikuwa chini ya ukuta, anamenya yai, maganda ameyakusanya vizuri kwenye leso. Alipotuona hakuinuka. Pang alikwenda mbele yake akapiga magoti kwenye lami, suti na yote, katikati ya wenye malori. Paji la uso lilikuwa linakaribia chini.

Bibi akainama haraka, akamng'ata sikio kwa mnong'ono ambao mimi niliusikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Simama! Watu wanatazama. Ningewaambia nini, kwamba mwanangu kanisahau njiani siku ninayotimiza themanini? Wangekucheka mpaka uingie kaburini. Nimewaambia sina mtoto. Usiniumbue."

"Mama, ni dereva ndiye..."

"Fuquan," bibi akamwita mume wangu kwa jina lake la kuzaliwa. "Wewe kila ukisimama hutazama abiria. Nani alisema leo nisitazamwe?"

Nilimwomba Mungu Shao aseme. Mara moja tu katika maisha yake aseme. Akatazama viatu vyake.

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Muongo wewe. Wewe hujawahi kumwamrisha hata paka."

Akanyoosha mkono, Shao akamwinua, wakaanza kutembea kuelekea kwenye gari polepole, goti bovu na miaka themanini. Bibi hakutaka kiti cha heshima. Alitaka mbele, aone barabara. Shao akafungua mlango kwa mkono wake mmoja, mwingine akauweka juu ya kichwa cha bibi. Pang alikuwa amesimama nyuma yao, magoti yana vumbi, amebeba leso ya maganda ya mayai.

Yule mfagiaji alitufuata na ufagio wake, amefurahi kwa ajili ya bibi.

"Dereva wako kaja kweli! Na huyu mwenye suti, ni nani?"

Bi Mkubwa alimtazama mwanawe kuanzia tai mpaka magoti.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni utingo wake."

Pang akainamisha kichwa, akaingia nyuma, akakaa nami na mtungi. Hotelini tambi tulizikuta zimegandamana, tukazila hivyo hivyo. Suala la kufukuzwa halikutajwa tena, si siku ile, si mwisho wa mwaka. Utingo hamfukuzi dereva.