Siku Shosho Alipoinywa Chachu ya Namalwa

Dundori kuna baridi ya kukausha masikio, na watu wa huko husema mwanamke aliyetoka kwenye joto hamalizi misimu miwili. Namalwa binti Sitati amemaliza miaka ishirini na mmoja. Alizaliwa Nakuru mjini kwenye nyumba za reli, mjukuu wa mzee Wamalwa aliyetoka Bungoma kuja kuchochea makaa ya gari moshi, akaolewa na Nderitu, mkulima wa viazi, mtu mpole hadi unaweza kumsahau mkiwa naye mezani. Kulima viazi alijifunza. Kukamua alijifunza. Kigikuyu alikijua hadi akawa anaota kwa lugha hiyo. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kuhesabiwa mwenye nyumba ndani ya nyumba yake.

Usidhani alipigwa au kutukanwa. Mama mkwe wake, ambaye kijiji kizima humwita Shosho, si mtu mbaya. Lakini wageni wakija, yeye ndiye husimama kutambulisha jamaa, na mbele za wageni, asiyetambulishwa ni kama hayupo. Siku nyumba yao mpya ilipoombewa na watu wa kanisa, Shosho alitaja wanawe wote, akamtaja hata fundi wa mabati, kisha akaonyesha mlango wa jikoni aliposimama Namalwa: na kule yuko Mama Jackie, anatusaidia na chai. Anatusaidia! Na mabati yamenunuliwa kwa jasho lake. Namalwa alicheka pamoja na watu, halafu akaenda nyuma ya zizi akalia.

Jasho lenyewe lilitoka Naivasha. Kwa miaka sita alipika katika hoteli moja karibu na ziwa, amepanga chumba mtaa wa Kihoto, akirudi nyumbani siku za ofu. Huko mpishi mkuu alimfundisha kuoka mkate wa chachu ya kujitengenezea: unga wa ngano na maji, vinaachwa kwenye chupa hadi vianze kutoa povu vyenyewe bila hamira ya dukani. Kila siku chachu hulishwa unga mpya, na kabla ya kulishwa hupunguzwa nusu. Pale hotelini hiyo nusu ilimwagwa kwenye sinki, na Namalwa aliona ni dhambi. Ziwa lilipofura na maji kuingia Kihoto hadi kwenye vitanda, watu waliokoa televisheni na magodoro. Yeye alitoka na nguo zake na chupa ya chachu kifuani, na majirani wakamcheka hadi wakasahau mafuriko kwa dakika mbili.

Aliporudi Dundori, chupa ilipewa rafu iliyo juu ya jiko, penye joto. Ile nusu ya kupunguzwa haikumwagwa. Aliitia kwenye kasuku, mkebe wa plastiki uliokuwa wa mafuta ya kupikia, na kila Jumamosi akawachanganyia kuku. Walimu wa shule wakaanza kumwagiza mkate, na daktari wa mifugo akawa hapiti bila kusimama. Nyumbani, Shosho alisema mkate huo una ganda la kuvunja meno, na yeye alikuwa amebakiwa na manne.

Ndipo Jackie, kifungua mimba wa Namalwa, akapata mchumba. Kijana anaitwa Kipketer, wa Kampi ya Moto, anafanya kazi Olkaria kwenye mitambo ya mvuke. Wazee wake wakatuma habari kwamba Jumamosi watakuja kubisha hodi rasmi. Hapo Mugure, dada yake Nderitu, mwenye duka mjini na mdomo usio na breki, akaanza kupanga watu: nyama hivi, viti vile, na mikate ya chai ataileta yeye. Namalwa akasema mkate ataoka mwenyewe. Alisema kwa upole, lakini alimaanisha. Kama binti yake wa kumzaa anakuja kuombwa na yeye bado ni wa kusaidia na chai, basi atakuwa wa kusaidia hadi azikwe, na Jackie ataondoka nyumbani akiwa amemwona mama yake hivyo.

Ijumaa asubuhi alishuka shambani kukatia ng'ombe nyasi. Aliporudi, chupa ilikuwa imeoshwa vizuri, imepinduliwa kwenye rafu ikauke. Shosho alikuwa ameketi kando ya jiko na kikombe kitupu mkononi. Jamani, msimlaumu haraka. Katika nyumba za Dundori, kitu cheupe, kizito, chenye povu na harufu ya uchachu, kikiwekwa karibu na jiko ni uji wa kuchachisha, basi. Hakuna mwanamke wa rika lake ambaye hajauweka hivyo. Shosho aliongeza maji, akakoroga motoni, akatia sukari, akamaliza.

"Uji wako si mbaya, Mama Jackie," akasema, "lakini unga wa wimbi umeweka kidogo."

Hasira ilimpanda Namalwa hadi kwenye nywele. Chachu ya miaka yote hiyo, iliyoponea mafuriko, imeishia kwenye kikombe! Lakini mkubwa hafokewi, hata akikunywea riziki yako. Akavuta pumzi, akamweleza Shosho polepole ni nini alichokunywa. Shosho akatazama kikombe, akatazama dirisha. Mama huyo hajawahi kumwomba mtu msamaha tangu azaliwe, na hata pasta wake analijua hilo.

Mugure alipopigiwa simu alicheka kwanza, kisha akasema Mungu mwenyewe ameamua, dazeni ya mikate inakuja.

Namalwa akakaa juu ya gunia la viazi, kichwa mikononi. Ni kuku ndio waliomzindua, walivyokuwa wakipiga kelele mlangoni. Kasuku! Akaifungua. Juu palikuwa na maji ya kijivu na harufu kali ya siki, lakini chini yake kulikuwa na mabaki ya wiki nzima, yamelala, hayajafa. Kwa baridi ile, kuyaamsha hadi yaweze kuinua mkate wa ngano kungechukua siku tatu, naye alikuwa na usiku mmoja. Ngano basi, haiwezekani. Lakini mahindi hayahitaji kuinuliwa sana, na mahindi alikuwa nayo, ya shamba lake, yaliyosagwa wiki hiyo hiyo. Akachanganya unga wa mahindi na mabaki yale, akamimina maziwa lala yaliyoganda, akafunika beseni kwa blanketi na kulisogeza karibu na jiko.

Jackie alipoona, uso ulimwanguka. Wakwe kupewa mahindi na chai, kwani hawana mahindi kwao? Shangazi Mugure atasema nini?

"Atasema," Namalwa akamjibu. "Kusema ndiyo kazi yake."

Alfajiri rojo lilikuwa limefura, limejaa vishimo vidogo. Akatia mayai manne, siagi iliyoyeyushwa, chumvi na sukari kidogo, na kijiko kimoja cha beking poda, maana imani bila matendo imekufa. Sufuria nzito akaipaka mafuta, akaiweka juu ya makaa machache, na makaa mengi akayapanga juu ya mfuniko. Anayeoka bila ovena anajua kwamba moto wa juu ndio unaoivisha mkate, wa chini unauunguza tu. Sufuria ya kwanza ilipofunguliwa, mkate ulikuwa wa rangi ya dhahabu, umepasuka katikati, na harufu yake ilimtoa Nderitu zizini na ndoo mkononi. Akala kipande kikiwa moto, akaungua ulimi, akasema, "Hapa umeweza." Kwa Nderitu hiyo ni hotuba.

Wageni wakafika saa nne. Mugure alikuwa ameshapanga mikate yake katikati ya meza, na ule wa mahindi ameusukuma nyuma ya thamosi. Nyanya yake Kipketer, wanayemwita Gogo, alipewa slesi ya mkate wa duka, akaiweka chini. Akanusa. Akanyoosha mkono akaipita mikate yote, akachukua kipande cha mahindi, akala kimya huku watu wakimtazama. Akachukua cha pili. Akasema una uchachu wa mursik, maziwa ya kibuyu ya kwao, na kwamba hajala kitu kama hicho kwa watu wa viazi. Baada ya hapo wazee wote waliacha aibu, kila mmoja akanyoosha mkono, na sahani ikarudi jikoni tupu. Shosho, na meno yake manne, alikula vipande vitatu.

Gogo akauliza nani amepika. Mugure akawahi kusema wamepika wao, akina mama wa hapo. Gogo akazitazama kucha za Mugure zilizopakwa rangi, akamuuliza rojo lililala kwa muda gani. Mugure akakohoa.

"Usiku mmoja, Gogo," Namalwa akajibu kutoka mlangoni mwa jikoni, "na mabaki ya wiki nzima." Moyo ulimjaa fahari hadi akashika fremu ya mlango.

Ukafika wakati wa kutambulishana. Shosho akasimama na fimbo yake, akataja wanawe, akamtaja Mugure. Watu wakadhani amemaliza. Kisha akageukia jikoni.

"Wewe, Namalwa, toka huko," akasema. "Wageni, huyu ni Namalwa binti Sitati. Jana nilikunywa mkate wenu wote nikidhani ni uji, na hakunitolea neno baya. Nilikosa. Nyumba hii ni yake, mimi nakaa kwake. Nderitu, mpe mama kiti."

Namalwa akaja akijifuta mikono kwa leso, akaketi mbele, kati ya mumewe na Shosho. Na aliyeinuka kwenda jikoni kuleta chai nyingine alikuwa Mugure.