Nilivyosalimia Newsgroup Nzima kwa Sababu ya Injini ya Marehemu

Moshi ulitokea upande ambao haujawahi kutokea.

Wapendwa, hii haikunipata kwa kuhadithiwa. Ilinipata mimi mwenyewe, hapa Yamumbi, Eldoret, na mashahidi wapo. Mmoja bado ana alama ya punje ya mahindi kwenye paji la uso.

Naitwa Linah, watu huniita Mama Nasike. Ni mjane, nimeokoka, na shule niliachia darasa la saba. Marehemu mume wangu Wamalwa aliniachia vitu viwili vya maana: binti yetu aliyeolewa Kitale, na posho mill ya dizeli, mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara.

Injini yake ni ya zamani, ile ya magurudumu mawili makubwa ya chuma, unaiwasha kwa kuzungusha handle. Tuk, tuk, tuk. Imemsomesha Nasike, na ndiyo inanilisha.

Asubuhi hiyo shemeji yangu Wesonga, ndugu wa marehemu, alikuja kuniwashia.

Kwetu mwanamke hashiki handle ya injini. Hakuna aliyewahi kunieleza ni kwa nini, lakini ukiinyooshea mkono tu, wazee wanaanza kukohoa. Zamani kijana wa jirani, Edwin, ndiye alikuwa anatuwashia, mpaka alipopata kazi ya kupika kwenye kambi ya wanariadha kule Kaptagat. Basi Wesonga akajitolea.

Akazungusha. Injini ikapiga chafya, ikanyamaza kidogo, halafu ikashika.

Lakini ilishika vibaya.

Magurudumu yalikuwa yanazunguka kurudi nyuma. Naapa... hapana, Biblia inakataza kuapa. Nasema tu nimeona. Moshi, badala ya kupita kwenye bomba utoke nje ya ukuta, ulimiminika ndani ya nyumba kupitia kichujio cha hewa, pale injini inapovutia pumzi. Mahindi nayo yakaruka kutoka kwenye kinu, yakampata Mama Nyokabi usoni.

"Woi! Mama Nasike, mashine yako inanitapikia!"

Wesonga aliizima, akatoka mbio, akasimama barabarani akiwa amevua kofia kama mtu aliye makaburini.

"Mulamwa," akaniambia, maana kwetu shemeji ni mulamwa, "huyo ni ndugu yangu. Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Mashine yake kuendeshwa na mwanamke. Si umeona inarudi nyuma? Anairudisha kwake."

Mimi siamini mambo ya wafu kurudi. Lakini wapendwa, moshi ukitoka mahali pa kuingilia hewa, hata imani inarudi hatua moja nyuma.

Kesho yake ikafanya hivyo tena. Siku iliyofuata akina mama wa fellowship wakaja, wakaimba, wakaipaka injini mafuta ya upako mpaka ikang'aa. Wesonga akazungusha handle. Ikarudi nyuma vizuri zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa imepakwa mafuta.

Wateja wakahamia mill ya stima ng'ambo ya barabara. Fundi niliyemwita kutoka town alichungulia mlangoni, akasema injini za aina hiyo alizijua babu yake, akaondoka.

"Basi," Wesonga akasema, "Jumamosi Nderitu wa vyuma kuukuu anakuja na pickup. Tuondoe hii kitu kabla haijaua mtu. Na hii nyumba isikae bure. Tutaweka pool table."

Hapo nikanusa kitu kingine, na hakikuwa moshi.

Pool table? Msiba wa injini haujaisha, na mtu ameshapima mahali pa kuweka pool table?

Nilienda kwa Virginia.

Virginia ana cyber, duka la internet, karibu na stage ya matatu. Ukitaka kuchapisha barua, picha ya passport, chochote, ni huyo. Mdomo wake una makali, lakini roho yake ni safi. Nikamweleza yote.

"Mama Nasike, Facebook nikiuliza hii, watu mia watakuambia ni majini na mmoja atakuuzia dawa." Akafikiri. "Lakini kuna mahali pa zamani. Mwalimu wetu wa computer alitufundisha nikisoma chuo kule Kesses. Panaitwa newsgroup."

"Ni ya habari? Ya taarifa?"

"Hapana. Chukulia ubao wa matangazo wa dunia nzima. Mtu anabandika swali, mwingine anabandika jibu chini yake, wa tatu anambishia wa pili. Hakuna picha, hakuna video, ni maneno tu. Vijana walishahama kitambo. Wamebaki wazee wanaopenda redio za zamani, nyota, na injini."

"Wazee, na wanaongea kwa zamu?"

"Wanajaribu."

"Hapo ndipo kwangu," nikasema, nikavuta kiti.

Akaanza kuniwekea. Kwanza akapakua programu ya kusomea, kwa sababu newsgroup haitaki mlango wa kawaida wa internet. Halafu akatafuta server, yaani ile nyumba inayotunza maneno ya watu, akapata moja ya bure. Halafu ikataka tujiandikishe.

"Jina tuandike nini? Huku watu hawatumii jina la kweli."

"Kwani wameiba?"

"Ni usalama, Mama."

"Andika Linah Nakhumicha, mjane, Yamumbi. Mtu aliyeokoka hajifichi."

Akaandika huku akitikisa kichwa, lakini email yangu alikataa katakata kuiweka wazi.

Server ikaleta orodha ya vikundi. Wapendwa, vilikuwa vingi kuliko makanisa ya Eldoret! Virginia akatafuta neno la injini, vikabaki vichache, akanionyesha pa kubonyeza.

"Hapa ni subscribe. Yaani umejiunga."

"Na mchango?"

"Hakuna mchango."

Nikakitilia shaka kidogo hicho kikundi, lakini nikabonyeza.

"Sasa sikia sheria ya mgeni," Virginia akasema, kidole juu. "Unaingia, unasoma, unanyamaza. Ujue tabia zao kwanza. Swali lako tutaliandika nikirudi." Mteja wa passport alikuwa anamngoja nyuma ya pazia.

Nikabaki na mashine.

Wapendwa, niambieni ukweli. Umeingia nyumba ya watu. Wamekaa, majina yao yamejipanga mbele yako kutoka juu mpaka chini. Utapita katikati yao, ukae kwenye kiti, uanze kusikiliza mazungumzo yao bila kusalimu?

Mama yangu hakunilea hivyo.

Na kwetu hausalimu watu kwa jumla kama mwanasiasa juu ya gari. Unazunguka. Unampa kila mtu mkono.

Nikabonyeza jina la kwanza, nikaona mahali pameandikwa reply. Nikaandika: "Bwana asifiwe. Mimi ni Linah wa Yamumbi. Habari ya huko?" Nikatuma. Nikaenda kwa wa pili. Nikatuma. Nikashuka hivyo hivyo, kila mtu na salamu yake, hata wale wa miaka ya nyuma kabisa, kwa sababu mtu kuketi pembeni si sababu ya kumruka.

Virginia aliporudi nilikuwa nimefika kwenye wale wa zamani sana, na kidole kimechoka.

"Mama Nasike." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umefanya nini?"

"Nimesalimu tu."

"Wote?"

"Ningemwacha nani?"

Virginia alishika kichwa kwa mikono miwili. Majibu yalikuwa yameanza kuingia, ya Kizungu, akawa ananisomea. Mmoja alisema kikundi kimevamiwa na wahuni. Mmoja aliuliza Bwana Asifiwe ni injini ya kampuni gani na ina nguvu ya farasi wangapi. Mwingine aliandika herufi kubwa tupu, Virginia akakataa kunitafsiria.

"Tuulize swali haraka," nikasema.

Akaliandika kwa Kiingereza kizuri: injini ya zamani, inazunguka kinyume, moshi unatokea upande wa hewa, tafadhali tusaidieni. Tukangoja.

Kimya.

Kesho yake nikarudi. Kimya. Virginia akasoma soma pale, akashusha miwani.

"Wamekuweka kwenye kichujio, Mama. Wameambia mashine zao zisiwaonyeshe kitu chochote chenye jina lako. Swali liko pale, lakini hakuna anayeliona."

Kichujio tena! Nyumbani kinanitolea moshi, huku kinanizibia mdomo.

"Si ungetumia jina la uongo," akanung'unika. "Tungebadilisha tu, tuingie upya."

"Nidanganye ndio Mungu anisaidie?"

Nilienda nyumbani nikiwa mnyonge. Nilifungua ile nyumba ya mill, nikaishika injini kwa kiganja. Ilikuwa baridi. Nikamwambia Mungu, "Baba, mimi nilisalimu tu."

Ijumaa, kabla sijamaliza kuanika nguo, Virginia alinipigia simu. Alikuwa anapiga kelele.

"Kuna mtu amejibu! Njoo!"

Nilifika na pini za nguo bado ziko kwenye kanga.

Jina lilikuwa R. J. Tully, wa mashambani huko New Zealand, wanakofuga kondoo. Hakuwa amejibu swali. Alikuwa amejibu salamu. Kumbe kati ya wale wa nyuma niliowapa mkono, mmoja alikuwa yeye. Alikuwa amebandika neno pale kitambo, hakuna aliyemjibu. Virginia akanisomea pole pole:

"Maneno yako nimeyatafsiri kwa internet. Habari ya huku ni mvua. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Nimeona pia swali lako, na naona hawa wengine wamejifanya vipofu. Moshi ukitokea upande wa hewa, injini haina ugonjwa wowote. Hizi injini hufanya hivyo zikizungushwa kwa ulegevu. Gurudumu halina kasi ya kutosha, linapanda nusu ya mlima, linashindwa, linarudi nyuma, na moto unashika likiwa linarudi. Izimeni haraka ikifanya hivyo, isikose mafuta ya ndani. Safisheni kichujio. Halafu mzungushe kwa nguvu, na kile kijichuma cha juu, kinachoipunguzia injini ugumu kikiinuliwa, msikiangushe mpaka gurudumu likolee kasi."

Halafu mwisho kabisa aliweka swali:

"Ni nani anayewasha? Mpeni chakula, au mpeni likizo."

Virginia aliniangalia. Mimi nilimwangalia. Tulicheka mpaka mteja wa passport akaharibu picha yake.

Jumamosi asubuhi pickup ya Nderitu ilikuwa imeshafika nikiwa bado nasafisha kichujio kwa mafuta taa. Wesonga alikuwa amevaa shati jeupe la sherehe. Watu walikuwa wamejaa, wengi wakiwa wale wale wateja wangu waliohama. Wesonga alikuwa ameegemea ukuta wa nje, pale bomba la moshi linapotokea. Tangu injini ianze kurudi nyuma, hapo ndipo palikuwa mahali pasafi kuliko pote.

"Mulamwa, toa mkono kwa hiyo kitu, wanaume wabebe."

"Naiwasha mara moja. Ikirudi nyuma, Nderitu achukue, nami nitakununulia chaki ya pool table."

"Nani ataiwasha?"

"Mimi."

Watu wakaguna. Wazee wawili wakakohoa kama nilivyotarajia.

"Mwanamke hashiki handle!" Wesonga akapaza sauti.

"Andiko gani?"

Akamwangalia Nderitu. Nderitu akasema, "Mimi hapa ni mtu wa vyuma tu, mzee. Mambo ya maandiko mnajua wenyewe."

Nilifunga kanga kiunoni. Niliomba maombi mafupi, ya mtu mwenye kazi. Nikainua kile kijichuma, nikashika handle.

Wapendwa, mimi nimelima kwa hii mikono tangu utotoni. Nimekamua ng'ombe, nimebeba magunia kutoka barabarani mpaka kwenye kinu. Kumbe handle haikuwa na siri. Ni kuzungusha tu, bila kuionea huruma. Nilizungusha mpaka magurudumu yakaanza kuvuma, nikazungusha tena, halafu nikaangusha kijichuma.

Tuk.

Tuk. Tuk. Tuk tuk tuk tuk.

Mbele! Inaenda mbele!

Na moshi wote uliokuwa umekwama kwenye bomba, pamoja na masizi ya siku zote hizo, ukatoka kwa pamoja pale nje ya ukuta.

"Mama Nasike, zima! Zima!" nikasikia.

Nilipochungulia, lile shati jeupe lilikuwa jeusi mpaka kola. Yalikuwa yamebaki macho tu.

"Shemeji," nikamwambia, "ndugu yako amekubali."

Mama Nyokabi alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia lake. Halafu akanyanyuka, akalileta, akawa wa kwanza kwenye laini. Nderitu akaondoka na pickup tupu, ila alirudi jioni na debe la mahindi.

Wesonga nilimtengea maji ya kuoga, na nilimpikia. Tully alisema apewe chakula.

Jumatatu nikarudi kwa Virginia kushukuru. Nikamwambia aandike: "Bwana asifiwe, mzee wangu Tully. Mungu akubariki wewe na mama wa nyumbani kwako. Imeenda mbele. Nimeiwasha mwenyewe."

Jibu lilikuja kabla sijatoka.

Virginia alilisoma kimya kwanza, akaweka mkono mdomoni.

"Soma."

"Anasema, 'Mimi si mzee. R ni ya Ruth. Mama wa nyumbani ndiye mimi. Mume wangu alifariki akaniachia injini kama yako, na nilipouliza kwenye hiki kikundi namna ya kuiwasha, hakuna mwanaume hata mmoja aliyenijibu. Nilijifunza peke yangu nikiwa na malengelenge. Nimefurahi sana umeiwasha. Niambie kitu kimoja: yule aliyekuwa akiwasha vibaya, si ni shemeji yako? Wangu alitaka kuweka baa.'"

Kumbe mashemeji wako hata kule!

Siku hizi mimi na Ruth tunaandikiana kila wiki, pale pale, mbele ya wale wazee waliotufungia. Baadhi yao wameanza kuchungulia. Juzi mmoja, yule wa herufi kubwa, alituma neno moja tu, limeandikwa vibaya lakini nililielewa: "Amena."

Nimemjibu. Nimemuuliza habari ya huko.

Basi mgeni ambaye leo unawekewa newsgroup yako ya kwanza, fuata sheria zote atakazokufundisha mwenye cyber: soma kwanza, swali liwe fupi, email yako usiiweke wazi. Lakini ukiona pembeni mtu aliongea na hakujibiwa, msalimu kwanza, hata kama umechelewa miaka.