Kopo la Fundi Eliufoo

Eliufoo Mmbaga alikuwa na kanuni moja tu ya ufundi, na aliihubiri kwa kila aliyesimama mlangoni pa gereji yake pale Same: kisicho na kazi kitolewe. Wala tusimcheke haraka. Miaka ile ya themanini na mbili, themanini na tatu, wakati kipande cha sabuni kilipangiwa foleni na tairi jipya lilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, huyu ndiye aliyefanya pikipiki za mji mzima ziendelee kutembea. Gasketi alizikata kwenye katoni. Tairi lisilo na tyubu alilijaza majani makavu. Swichi ikifa, aliing'oa, akafunga waya kwa waya, na mwenye pikipiki akaondoka anapiga mluzi.

Kila alichokitoa alikitupa kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia chini ya benchi. Hezroni, fundi viatu wa kibanda cha jirani, mtu mwenye ulimi usiojua likizo, alikuwa akisema kwamba siku kopo lile likimwagwa na kuunganishwa, itatoka pikipiki ya pili, tena nzima kuliko zile zilizoko barabarani.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikashuka hadi masokoni, na pikipiki za Kijapani ambazo Eliufoo hakuwahi kuziona hata kwenye picha zikaanza kupita barabara kuu. Vijana wa Moshi walifungua gereji zenye taa na vipuri vya kwenye paketi. Eliufoo, mwenye miaka hamsini na minne, akaanza kulala vibaya. Mkewe Ernesta alikuwa na shamba la tangawizi huko juu milimani na kila mwezi alimkumbusha kwamba jembe la pili lipo, halina mtu. Eliufoo alikuwa anaogopa jembe kuliko chui.

Ndiyo maana pikipiki ya Ikupa ilimtia homa. Ikupa alikuwa mkunga kutoka Mbeya, amepangiwa zahanati ya juu huko milimani, na kaka yake wa bandarini alimletea pikipiki kubwa nyekundu ya mtumba, kifua kipana, sauti nzito ya kiungwana. Jumatatu alikuja kurekebishiwa taa ya mbele iliyolegezwa na mawe ya njia ya Mbaga. Eliufoo aliirekebisha kwa saa moja, akaijaribu ikiwa juu ya stendi, na jioni ikasukumwa hadi nyumba aliyofikia Ikupa. Jumanne pikipiki ikarudi ikiwa juu ya mkokoteni.

"Shikamoo, mzee," alisema Ikupa, na uso wake haukuwa na utani. "Inawaka, halafu inanizimikia. Ijumaa nina chanjo za kupandisha. Ikishindikana hapa, Alhamisi jioni naipakia kwenye lori iende Moshi."

"Marahaba, mwanangu. Haiendi Moshi," alijibu Eliufoo, kwa ujasiri ambao hakuwa nao. Alijua kabisa maana ya lori lile. Mji mzima ungeliona likipita na pikipiki nyekundu mgongoni, na kuanzia siku hiyo nani angemletea tena pikipiki mpya? Alijiapia kimoyomoyo: ikipanda lori, nafunga gereji, nachukua jembe.

Basi akaanza. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta, akaipuliza mpaka macho yakamtoka. Alipima betri, akasugua vichwa vyake kwa msasa, akafuata bomba la petroli kutoka tangi hadi mwisho. Na ajabu ni hii: ikiwa imeegemea stendi yake ya pembeni, pikipiki iliwaka na kunguruma vizuri hata saa nzima ukitaka. Lakini mtu akiipanda na kuinyanyua ikae wima, kabla hujahesabu tano, kimya. Na ikishazima haikubali kuwaka tena mpaka uzime ufunguo na kuufungua upya.

"Haitaki mtu," Hezroni alitoa hukumu kutoka kibandani kwake. "Imezoea Wajapani, wepesi wale. Wewe una makande ya miaka hamsini tumboni." Watu wakacheka. Kila mpita njia alijaribu kuipanda, mwembamba na mnene, na wote ikawakataa kwa haki. Eliufoo alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anaumia.

Alhamisi mchana Ernesta alileta makande, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaitazama shughuli ile mara tatu: inawaka, inainuliwa, inazima.

"Baba Anaeli," alisema, "mbona wewe unatafuta ugonjwa tumboni? Hii haina shida ya chakula. Hii inadhani imelala."

"Inadhani! Chuma kinadhani?"

"Sijui mimi. Naona tu ikiinama inaridhika, ikisimama inaogopa. Kula, yanapoa."

Eliufoo alishika kijiko, akakiweka. Babu yake alikuwa mtu wa ndiva, lile bwawa dogo la kuwekea maji ya mashamba huko mlimani, na ndiye aliyechagua mifereji ipite wapi. Alikuwa na kipande cha mgomba kilichochongwa kama kihori, anakijaza maji na kukilaza juu ya udongo, na maji yanamwambia palipoinama. Kumbe kitu kinaweza kujua mlalo bila kuwa na akili. Sasa kwenye pikipiki hii, kipi kilikuwa kinapima mlalo? Na kipi kilikuwa kimeguswa Jumatatu?

Akainuka, akaizunguka pikipiki hadi mbele. Nyuma ya taa ya mbele palikuwa na kidude cheusi, nusu ya kiberiti cha jikoni kwa ukubwa, kilichoshikiliwa na mipira miwili laini. Jumatatu alikikuta kinachezacheza, na kwa macho yake ya ufundi kitu kinachocheza kimelegea. Basi alikifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mitano, kikakaza kabisa. Na kwa kuwa kikiwa wima kilimzuia kupitisha utepe, alikilaza upande wa kulia.

Aliufungua utepe ule. Chini yake kulikuwa na mshale mweupe, umechorwa wazi hata kwa asiyesoma, na alikuwa ameufunika yeye mwenyewe. Akakishika kidude mkononi na waya zake, mshale ukitazama juu, akafungua ufunguo. Injini ikawaka. Akakiinamisha taratibu, taratibu. Kilipokaribia kulala, ndani yake kitu kikahama, na injini ikanyamaza. Kwa hiyo ni kweli: pikipiki ilipoegemea kushoto kwenye stendi, ilikirudisha kidude kidogo kuelekea wima, nacho kikaridhika. Iliposimama sawasawa, kidude maskini kilidhani mambo yameharibika.

Wa kwanza kuinuka moyoni mwake ulikuwa ule mkono wa themanini na tatu. Kitoe! Funga waya kwa waya, tupa koponi, mkunga aondoke, hakuna atakayejua. Hata alijaribu. Pikipiki ilisimama wima na kunguruma vizuri kabisa, na Hezroni akapiga makofi.

Lakini Eliufoo hakusherehekea. Alikuwa anautazama mguu wake wa kushoto, ule wenye vidole vitatu. Viwili vingine aliviacha kwenye shamba la mkonge, mwaka wa sabini na moja, pikipiki ilipomwangukia mferejini na gurudumu likaendelea kuzunguka na mnyororo wake, na injini haikuwa na mtu wa kuiambia kwamba kazi imekwisha. Miaka ishirini na minne alisema ni bahati mbaya. Na sasa alikuwa ameshika kiganjani kitu ambacho kazi yake yote duniani ni kuliona anguko na kuizima injini, kinakaa kimya miaka na miaka kikisubiri siku hiyo moja. Machozi yalimtoka, na hakujificha.

Akakirudisha. Mipira yake laini, mshale juu, bila utepe.

Ikupa alipofika jioni, lori likiwa limeshasimama ng'ambo ya barabara, Eliufoo hakumzungusha. "Mwanangu, ugonjwa huu niliutia mimi. Jumatatu. Kwa mikono hii."

Hezroni akaacha nyundo hewani. Ernesta akainamisha kichwa.

"Wewe?" aliuliza Ikupa.

"Mimi. Sasa tazama." Akatandaza magunia ya nyasi barabarani, akawasha pikipiki, akainyanyua wima, ikanguruma. Kisha, mbele ya umati uliopiga ukelele, akailaza taratibu juu ya magunia. Gurudumu la nyuma lilizunguka kidogo, injini ikakata, gurudumu likatulia. Akapeleka mguu wake wenye vidole vitatu, akauweka palepale penye mnyororo, akamtazama mkunga.

Ikupa alitazama mguu, akatazama mnyororo, akaelewa. Alivuka barabara, akamwambia dereva wa lori aende zake. Aliporudi alisema, "Fundi wa Moshi angeniambia ukweli huu?" Kisha akacheka, na mtaa mzima ukacheka naye, na Ernesta akapiga kigelegele kilichomshtua hata yeye.

Siku hizi vijana wanakiita kidude kile sensa ya kuanguka, na wanakijua kabla hawajajua kunyoa ndevu. Lakini Same walikijua kwanza kwa Eliufoo. Jumatatu iliyofuata alimwaga kopo lake lote juu ya gunia, akavaa miwani, akawa anainua kimoja kimoja na kukigeuza. Hezroni alikaa tayari na utani wake. Saa nne hivi akapita mzee mmoja na pikipiki yake ya zamani, anapiga mluzi, na Eliufoo akatoka mbio akichechemea, amepunga mkono wenye kipande cha chuma.

"Simama, simama! Shikamoo, mzee. Lete hiyo ndani. Kuna kitu nilikutolea mwaka wa themanini na tatu."