Doa Juu ya Kitanda cha Mama

Usiguse hilo paa. Ndivyo wakili alivyoniambia nilipofungua kesi. Ukiziba, umeharibu ushahidi. Basi mimi, mtu mzima mwenye nyumba yangu hapa Nakuru, nimekatazwa kuziba tundu lililo juu ya kitanda cha mama yangu mzazi. Naangalia ndoo ikijaa, naimwaga, nairudisha. Heri ningekuwa mpangaji, ningehama.

Mama nilimtoa Molo kwa sababu ya kifua. Baridi ya kule ilikuwa inammaliza. Nikamjengea chumba nyuma ya nyumba, na choo chake ndani, maana magoti yake hayataki ngazi tena, na nyumba yangu imekaa kwenye mteremko, ni ngazi tupu. Hana kwingine pa kulala. Kikohozi alichokikimbia Molo kimemfuata hadi hapa kikapitia juu, na aliyemleta ni mimi.

Fundi aliyekijenga ni mwenzetu wa kanisa. Anaimba besi, anaketi benchi mbili mbele yetu, na tangu nimshtaki watu wananisalimia kwa ncha za vidole. Ati nani hupeleka ndugu kortini? Wangelala wao chini ya hiyo ndoo, tuone kama wangeimba.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu, hata wakili. Kwetu chumba kipya hakiingiwi hivi hivi. Kikiisha, unaita mchungaji na waumini, mnaomba, mnakula, halafu mwenye nyumba anasimama kumshukuru fundi mbele ya watu wote. Fundi anapewa mguu wa mbuzi. Siku ile, kwa kimbelembele changu, nilimvalisha na shati jipya. Alfajiri kulikuwa kumenyunya kidogo. Nikiwa katikati ya maneno nikainua macho kwenye silingi, nikaona doa. Dogo tu, kama kisahani, la rangi ya chai.

Ningesema nini? Mchungaji yuko pale na Biblia kifuani, chapati zinapoa, mama yuko kwenye kiti chake akitabasamu na meno yake yote matatu. Mtu haaibishi fundi siku ya maombi. Nikasema kazi ni safi, sina lalamiko lolote. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Mvua ilipokolea, nilimpigia simu. "Mathe, hayo ni mabati yanatoa jasho," akaniambia. "Yatazoea."

Yatazoea! Kwani mabati ni ndama wa kufunzwa kamba? Nilimpigia tena na tena mpaka akaacha kushika simu. Ndipo nikaenda kortini, nikitaka jambo moja tu: aamriwe kurudi, aweke vizuri pale paa jipya linaposhikana na ukuta wa zamani wa nyumba yangu, kabla kifua cha mama hakijashindwa.

Wiki iliyopita, mbele ya hakimu, fundi akatoa simu mfukoni. "Mheshimiwa, huyu mama mwenyewe alisifu kazi. Sikizeni."

Ilikuwa video ya maombi. Nikajiona nimejifunga kitambaa kipya, ninammwagia sifa. Kisha nikajiona nikiinua macho. Nikanyamaza. Nikameza mate. Nikaendelea kusifu.

Hakimu akaomba irudishwe nyuma. Akaiangalia mara ya pili, akanigeukia. "Mama, hapa ulikuwa unaangalia nini?"

Mkono wangu ulikuwa umetoka kushika Biblia sasa hivi. Nikisema sikuona kitu, nimemdanganya Mungu. Nikisema niliona, basi niliipokea kazi pamoja na ubovu wake, tena kwa makofi. Wakili alinikodolea macho. Nilitafuta mlango kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, na mlango ulikuwa pale pale, wazi, ila miguu haikuwa na pa kunipeleka.

"Doa," nikasema. "Niliona doa."

Fundi akainamisha kichwa, sijui kwa aibu au kuficha kicheko. Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Halafu akaahirisha kesi kwa mwezi mzima, akaonya kwamba paa libaki lilivyo, kuna mtu atakayetumwa kulikagua.

Mwezi mzima, na mvua hii.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunika blanketi mbili. Nikamweleza yote: video, doa, namna nilivyonyamaza. Nililia, sioni haya kusema. Nilimwambia anisamehe.

Alianza kujibu, kikohozi kikamkatiza. Akangoja kipite.

"Hata mimi niliona siku hiyo," akasema.

"Uliona? Na mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, na ulikuwa umefurahi hivyo?"

Ndoo ilikuwa imejaa. Nikaimwaga, nikairudisha pale pale.