Shuka Jekundu Upande Wetu wa Bikoni

Dar es Salaam nilijifunza sheria za kurusha droni kabla sijajifunza kuirusha. Nilikuwa namaliza chuo, na jamaa aliyenichukua nimsaidie kupiga picha za harusi alinikalisha kwenye ndoo tupu ya rangi, juu ya paa la ghorofa, akanisomesha kama katekista. Uwe na kibali. Usikaribie uwanja wa ndege. Usikaribie kambi wala makazi ya wakubwa. Usipite juu ya vichwa vya watu. Usiiache ipotee machoni pako. Nikamuuliza kwa nini tusipite juu ya watu wakati harusi yenyewe ni watu.

"Dada," akasema, "ukianza na kwa nini, hutarusha kitu."

Mimi nilianza na kwa nini tangu shule ya msingi Kasansa. Walimu walinichapa kwa ajili hiyo. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki, alikuwa akicheka tu. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo kwa desturi yetu Wasukuma aliniita mayu, yaani mama, toka nilipokuwa siwezi hata kujifunga viatu. Mwaka niliporudi Katavi na droni yangu mwenyewe begani, aliizunguka mikono ikiwa mgongoni, kama anayekagua dume mnadani.

"Mayu, hii inakula nini?"

"Umeme, baba."

"Basi huku itakufa njaa."

Nilipanga chumba Mpanda mjini, nikawa napiga picha za sherehe. Sheria za Dar zilinifuata, lakini zilikuwa kama koti la mtu mwingine. Uwanja wa ndege wa Mpanda uko jirani na nyumba za watu. Ukizitii vizuri, karibu mji mzima huruhusiwi kurusha kitu. Nilijiuliza ni nani aliyekaa akaziandika, na kama aliwahi kufikiria sehemu ambayo ukiinua macho huoni ghorofa hata moja. Sikupata wa kumuuliza.

Mwishoni mwa kiangazi, ng'ombe wa baba mdogo walirudi nyumbani bila yeye.

Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mchungaji anaweza kurudi bila ng'ombe, akalia, akaeleza. Ng'ombe wakirudi bila mchungaji, yowe linapigwa palepale. Mama mdogo alilipiga, na wanaume wote wa kijiji wakatoka na fimbo na tochi, wakaingia porini. Mimi nilipanda basi la asubuhi, begi la droni mapajani. Nilipofika walikuwa wamerudi mikono mitupu, midomo imekauka. Pori la upande ule ni kubwa, na mbele yake kuna bikoni za hifadhi, zile nguzo fupi za zege ambazo ng'ombe akizivuka askari wa hifadhi wanamkamata na unaweza usimwone tena.

Nikaenda kwanza kwa mtendaji wa kata. Jamaa wa Dar alikuwa amenifundisha vizuri mno.

"Binti, mimi naruhusu ngoma, mikutano na vilabu vya pombe," akasema mtendaji. "Mamlaka yangu yanaishia kwenye hilo bati. Juu ya bati siyo kwangu."

"Ni kwa nani?"

"Dodoma. Au Dar. Ngoja niulize."

Kamanda wa sungusungu, mzee mfupi mwenye koti la mvua hata wakati wa jua, alikuwa ameegemea mlango. "Na mwewe naye ana kibali?" akauliza.

"Mwewe hana kamera," akasema mtendaji. "Nyie mnaongea tu. Ikionekana kule karibu na hifadhi, wananiita mimi, siyo nyie."

"Sheria hii inamlinda nani sasa hivi?" nikamuuliza. "Kichwa cha nani kipo chini yake huko porini?"

"Wasomi bwana," akasema mtendaji taratibu. "Mtu kapotea, yeye anafanya mjadala."

Hakuwa mtu mbaya. Alipanda kichuguu nyuma ya ofisi, ndiko mtandao unakopatikana, akasimama juu yake akipiga simu huku na huku mpaka kivuli chake kikawa kirefu. Wilaya ikasema mkoa. Mkoa ukasema utarudisha jibu. Jua likazama. Kesho yake akapanda tena, na jua likiwa limeshapaa akashuka akifuta jasho.

"Wamesema rusha. Usivuke bikoni, na usiipoteze machoni. Na mimi sijasema kitu."

Tukasimama ukingoni mwa majaruba makavu ya mpunga, wanaume wamenizunguka wakigombania kuona kioo cha rimoti. Nikairusha. Kwa mara ya kwanza waliona pori lao kutoka juu: njia za ng'ombe kama michirizi ya mkojo kwenye vumbi, miti iliyopukutika, vichuguu vyekundu kila mahali. Kelele zikaisha. Nilikuwa nageuza karibu na bikoni, droni imebaki nukta angani, pale kitu chekundu kilipopita pembeni mwa kioo.

"Rudi hapo," akasema kamanda.

Nikarudi, nikashusha. Vichuguu. Kimoja, kingine, kingine, vyote vyekundu.

"Kichuguu hicho," mmoja akasema.

"Nchi nzima hii ni kichuguu," akajibu mwingine, na wachache wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Betri ikaanza kulia. Nikairudisha.

Aliyempata ni ng'ombe. Kesho yake mama mdogo alisema, kama anayekumbuka sufuria iliyosahaulika jikoni, kwamba wamfungulie yule jike mzee mwenye kengele na wamfuate. Jike akatembea bila haraka akitupeleka karibu na bikoni, akasimama mbele ya kichaka, akaanza kula majani yaliyokatwa.

Baba mdogo alikuwa chini ya majani hayo. Alikuwa ametumbukia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, mguu ukavunjika chini ya goti, akajikokota kutoka. Alikuwa hai. Nilipiga magoti nikamshika uso, na ulikuwa wa moto kama jiko.

"Mayu," akasema. "Wamekuja na ndege yao."

"Ndege gani, baba?"

"Ya hifadhi. Nilikuwa nimetandaza shuka pale peupe ili mnione. Nikaisikia inakuja. Nikalivuta, nikajiburuta huku, nikajifunika." Akajaribu kutabasamu. "Hawakuniona."

Nilinyanyua macho. Wanaume wote walikuwa wanatazama chini. Kila mtoto wa mfugaji upande wetu anaijua sheria hiyo, na mimi niliijua kabla ya kusoma: ukisikia injini angani, ingia chini ya mti, lala, usiangalie juu maana uso unang'aa. Haijaandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kuiuliza kwa nini. Sisi tulikuwa tumesimama karibu na ile droni, tukaijua kuwa ni yetu. Yeye aliisikia tu. Na bikoni ilikuwa hatua chache nyuma ya kichaka. Alikuwa upande wetu. Hakuwa hata na ng'ombe.

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Hawakukuona."

Alifariki garini, tukiwa bado hatujafika Mpanda hospitali.

Baadaye niliangalia ile picha iliyorekodiwa. Katikati ya vichuguu kimoja kina pembe, kama kona ya kitambaa. Droni inakaribia, kona inasogea, inaingia chini ya mti, inakwisha. Nimeiangalia mpaka siioni tena. Nimejiuliza kama tungeruhusiwa mapema, kama tungeenda kwa miguu na ng'ombe tangu mwanzo, kama ningebaki Mpanda na harusi zangu. Yale maswali niliyojivunia miaka yote, kila moja lina jibu, na hakuna jibu linalomfaa mtu.

Tulimzika nyuma ya zizi. Walikuwa wanafukia, majembe yanapokezana, pale mlio wa injini uliposikika kutoka upande wa hifadhi. Kindege kidogo cha kawaida, mbali sana. Jembe moja lilianguka. Kamanda akasogea, wengine wakasogea, watu waliovaa nguo zao nzuri za msiba wakatembea haraka mpaka chini ya miti ya uani, wakainamisha vichwa.

Mama mdogo alibaki peke yake kando ya kaburi, kitenge kichwani.

"Rudini," akasema bila kupaza sauti. "Rudini mmalize kufukia. Huyu hachungi tena."

Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa kivulini.