Kinyongo na Benchi la Bwana Subiri

Mpwa wangu tunamwita Kinyongo, na jina hilo nililitoa mimi, kwa hiyo akitaka kulalamika anajua mlango wa kugonga. Alipokuwa mdogo shangazi yake alimnyima kipande cha mkate mbele ya wageni, akasema mtoto huyu mroho. Mtoto hakulia. Aliitikia "haya, shangazi," akaenda zake kucheza, na tangu siku hiyo hajatia mdomoni kitu cha shangazi yule, hata maji. Leo ni mwanamke mzima, ana gari dogo na miwani ya kusomea, na bado akifika kwa shangazi anasema ameshiba.

Mtasema hiyo ni tabia mbaya. Semeni. Mimi nilipomwona nilijua damu yetu haijachujwa.

Kazi yake ni kompyuta. Hakuajiriwa na mtu. Makampuni humwita kwa siku, wanamlipa kwa siku, kama ninavyokodisha mimi viti vyangu vya shughuli. Kampuni iliyokuwa ikimpa nusu ya riziki yake inauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, mabomba, misumari. Kompyuta zao ndizo zinazojua nini kimeingia ghalani na nini kimetoka. Zikigoma, malori yanapanga foleni hadi barabarani, na madereva wanatukana mpaka ukuta unaona haya.

Sasa meneja wa pale. Wafanyakazi wamempa jina la Bwana Subiri, maana hana neno jingine. Ofisi yake iko mwisho wa korido, na nje ya mlango pana benchi la mbao lisilo na egemeo. Ukimpelekea shida, subiri. Ukimpelekea dawa ya shida yake mwenyewe, subiri vile vile. Na huko ndani hana mgeni! Anakata kucha, anatazama mpira kwenye simu. Anaamini mkubwa anayefungua mlango upesi si mkubwa. Kinyongo alikuwa akifika asubuhi, anakalishwa benchi mpaka jua la utosi, ndipo anaitwa apewe ufunguo wa chumba cha mashine. Jioni bwana anaandika: nusu siku.

Miaka mitatu ikapita hivyo, kiwango kile kile, huku bei ya kila kitu imepanda, mpaka ya nyanya mbovu.

Siku moja Kinyongo akamfuata bwana huyo kwenye dirisha la mhasibu. "Kaka, naomba tuzungumze kiwango changu cha siku."

"Kiwango?" Bwana Subiri akapandisha sauti ili korido nzima isikie. "Binti, mafundi wa kompyuta siku hizi ni kama kunguru. Nikipiga mluzi wanatua kumi hapa uani."

Watu wakacheka. Hata mhasibu akacheka, na ni Kinyongo aliyemwokolea kompyuta yake ilipomwagikiwa chai.

"Haya, kaka," akasema mpwa wangu. "Piga mluzi." Akachukua begi lake.

Alikuja moja kwa moja kwenye stoo yangu, akavuta kiti, akakaa bila salamu. Nilipouona uso ule nikauliza, "Nani kafa?"

"Bado hajafa," akajibu. Akanieleza yote. Kisha akasema, "Mjomba, sitaki aniombe radhi. Nataka aumie, na aumie kwa mkono wake mwenyewe."

Mimi shule nilisoma mpaka walimu wakachoka, wakaomba niwapumzishe. Lakini bei naijua, na kisasi nakijua zaidi. Nilikuwa najiandaa kumpa mawaidha marefu, mara akaingia mteja anarudisha viti. Alikodi viti vingi, wageni wake wakaja wachache, sasa anataka kulipia vile vilivyokaliwa tu.

"Mwenzangu," nikamwambia, "kiti kikitoka mlangoni kwangu, siku yake imeanza. Kikikaliwa na mtu, sawa. Kikikaliwa na vumbi, sawa vile vile."

Alinung'unika, akalipa. Nikageuka, nikamkuta Kinyongo anatabasamu. Sijamwona akitabasamu vile tangu siku shangazi yake alipoteguka mguu.

Bwana Subiri kweli alipiga mluzi, na kunguru wakatua. Wa kwanza alikaa benchi mpaka adhuhuri, akaaga kwamba anakwenda kununua maji, labda bado yuko foleni. Wa pili alilala palepale akakoroma, akatolewa na mlinzi. Wengine wakasikia habari, hawakuja kabisa. Na huku mama mwenye kampuni, ambaye huja kwa nadra lakini akija vikombe vinatikisika, ameagiza hesabu zote za ghala zihamishiwe kwenye mashine mpya kabla ghala la pili halijafunguliwa. Bwana akameza mate, akapiga simu.

Tulikuwa stoo. "Weka sauti kubwa," nikamwambia Kinyongo.

"Mjomba, ukifungua mdomo nakuhama."

Nikachukua mto wa sofa, nikajiziba nao.

"Binti, hujambo? Umetupotea sana."

"Sijambo, kaka."

"Kuna kakazi kadogo hapa. Njoo kesho."

"Kiwango?"

"Si kile kile? Sisi ni familia."

Kinyongo akanyamaza. Hilo nilimfundisha mimi: bei ni kama mlango mbovu, anayeusukuma kwanza ndiye anayeangukia ndani.

"Haloo? Basi nitakuongezea robo." Kimya. "Upo?"

"Nipo, kaka."

"Nusu, basi. Unaniua, binti."

"Mara mbili," akasema Kinyongo.

Sasa kimya kikahamia upande wa pili. Mimi nimeuma mto, pamba inanitoka mdomoni.

"Mara mbili? Hiyo ni bei ya kitu gani?"

"Kama ni ghali, kunguru wapo."

"Haya! Mara mbili!"

"Na jambo moja dogo, kaka. Siku yangu inaanza mlinzi anaponifungulia geti. Nikiwa kwenye mashine ni kazi, nikiwa kwenye benchi ni kazi. Naomba liandikwe."

Yule bwana akacheka, akaona ameponea chupuchupu. "Ndilo hilo tu? Andika unavyopenda."

Simu ilipokatika nikamvaa. "Mtu amepiga magoti, wewe unaomba benchi? Ungesema mara tatu!"

"Mjomba," akaniambia taratibu, "kiti kimetoka mlangoni."

Ndipo nikaelewa, na nawaambieni, nilijisikia fahari kama baba wa bwana harusi.

Akaenda. Akakalishwa benchi. Kesho yake, benchi. Mimi nilimpelekea mto wa kukalia, sikualikwa, nilijialika. Karani wa mapokezi akamnong'oneza, "Dada, gonga tu, anatazama mpira huyo."

"Sina haraka, mdogo wangu."

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. "Subiri kidogo, binti."

"Bila shaka, kaka."

Kazi ya wiki moja ikavutika kama mpira. Karani alimkumbusha meneja yale yaliyoandikwa, na hapo ndipo angeokoka. Lakini akifungua mlango upesi, si itasemwa binti kamfuga? Kwa hiyo alizidi kuufunga. Mwiba wa kujichoma, waungwana, hauambiwi pole.

Kazi ilipokwisha, malipo yalikuwa makubwa kuliko anayoruhusiwa meneja kuidhinisha, ikabidi mama mwenye kampuni aje. Yaliyotokea humo ofisini nimeyapata kwa Kinyongo na kwa karani aliyetega sikio, na hayapishani.

"Mwanangu, siku zote hizi ulikuwa unafanya nini?"

"Nyingi nilikuwa benchi, mama. Namsubiri meneja. Tumeandikiana."

Mama akamgeukia bwana. "Ulikuwa na mgeni gani ndani?"

Bwana akatazama kucha zake, ambazo kusema kweli zilikuwa zimekatwa vizuri sana.

"Siku za mashine nitalipa mimi," mama akasema. "Siku za benchi zikatwe kwenye mshahara wa mwenye benchi."

Kinyongo alikuwa bado hajaonja utamu, mama akamgeukia na yeye. "Na wewe umenichezea. Ungeweza kugonga. Kuanzia leo kiwango ni cha zamani, au tuachane."

Hapo mambo yakawa mazito. Nusu ya riziki, jamani, si maganda ya ndizi. Kinyongo akavuta begi lake mapajani.

"Basi tuachane, mama," akasema. "Mashine yako inafanya kazi, sitakuharibia kitu. Ila siku ikigoma, wa kukutafutia fundi na kumpokea ni huyu."

Mama akamtazama huyu.

"Mara mbili," akasema. "Na benchi nisilisikie tena."

"Hulisikii. Meneja na anipokee mwenyewe getini, atie saini saa niliyoingia."

"Mama, mimi ni meneja," bwana akalalamika.

"Ndiyo maana saini yako inanitosha."

Sasa kila siku Kinyongo anapoitwa, Bwana Subiri husimama getini na kalamu, vumbi la malori linampaka uso. Madereva wanampigia honi, "Mlinzi mpya, fungua!" Nilikwenda kutazama, nikaenda tena kuhakikisha. Kinyongo hupunguza mwendo kwenye kona, akayapisha malori yote kwanza, kwa adabu.

Dada yangu, mama yake, amechoka na habari hizi. Juzi akamwambia, "Mwanangu, imetosha. Msamehe, yule ni mtu mzima."

"Nitamsamehe, mama."

"Lini?"

"Akistaafu."

Mimi nikamuuliza karani umri wa yule bwana. Bado kijana, tena ana afya nzuri. Mungu amzidishie.