Wa Likoni Hatukuuona Mwisho

Udi uliofukizwa kwenye nguo nyeusi haunukii sawa na udi wa chumbani. Ule wa nguo hukaa. Ukifunua sanduku baada ya miaka hukutokea kama mtu aliyekuwa akikungojea. Juzi nilikuwa natafuta shuka za wageni, nikalifunua sanduku la mamangu, Mungu amrehemu, na buibui lake la hariri likanirudisha Likoni, kule kwetu Bofu, mimi msichana mdogo wa chuo cha Kurani, bendera nyekundu ya Sultani bado yapepea ng'ambo kule mjini na uhuru twausikia midomoni mwa watu wazima tu.

Mamangu alikuwa akiimba harusini. Msije mkamdhania vyengine, hakuimba mbele ya wanaume hata siku moja. Ilikuwa ni wanawake watupu ndani ya ua wa makuti, tari na kinanda cha kuazima, naye katikati amekaa mkekani kama mtu achambuaye mchele. Mahadhi ya Kihindi ndiyo yaliyokuwa yakipendwa. Karibu na feri palikuwa na duka la Mhindi mwenye gramafoni, na santuri mpya ikifika huipiga mchana kutwa. Mama akienda kununua chumvi alirudi na wimbo. Maneno ya Kihindi hakujua hata moja. Aliyatoa, akatia yake ya Kiswahili, na sinema yenyewe hajapata kuiona.

Hakuiona kwa sababu ya baba. Babangu alikuwa mchukuzi wa mizigo bandarini Kilindini, na hapo mtaani ndiye aliyekuwa akiadhini. Hakuwa mkali. Akisema tu kuwa sauti ya mkewe ni kipawa cha Mungu, lakini jumba la sinema halimhusu. Akipita mjini penye zile picha kubwa za wachezaji, aliinamisha macho kama mtu apitaye kando ya watu wanaoswali.

Basi mwaka mmoja ikaja sinema ya mauaji. Walioiona walisema ni ya mwanamke mzuri akaaye peke yake kwenye nyumba kubwa kando ya ziwa. Kila akiimba wimbo wake, asubuhi yake mwanamume mmoja huokotwa amekufa, na polisi wazunguka tu wasijue pa kushika. Wimbo wenyewe, wallahi, ukiusikia haukuachi. Yaanza filimbi, peke yake, kama mtu aitaye kutoka mbali, kisha sauti ya mwanamke yashuka juu yake polepole. Mama aliusikia dukani, akarudi akaketi kukuna nazi huku midomo yaenda, akakuna mpaka akakwaruza kifuu. Siku ya pili ulikuwa na maneno ya bi harusi:

Njoo, moyo wanilia,
taa nimekuwashia,
mlango wazi, ingia,
ni wewe nakungojea.

Aliutoa kwenye harusi ya Zuhura, mtoto wa jirani. Wanawake wengine walikuwa wakifuta machozi kwa leso. Ndipo Bi Kibibi, jirani yetu, ambaye hakuna sinema iliyompita, aliposimama katikati ya tari akawauliza kama wajua wimbo ule ni wa nini.

"Huu ndio anaowaitia watu kufa," akasema. "Mlango wazi, ingia, na muuaji yuko nyuma ya pazia. Ndio mwamwimbia bwana harusi wetu huu?"

Tari zikanyamaza. Mamake bwana harusi akaomba wimbo mwengine, na uani pale hakuna aliyekumbuka wimbo mwengine. Kama mambo yangaliishia hapo, tungalicheka. Lakini wiki ile ile bwana harusi akashikwa na homa ya kutetemeka. Alipona, alhamdulillahi, ila neno halikupona. Lisemwalo lipo, wakasema watu, kama halipo laja. Harusi zikawa zapita mtaani, tari twazisikia tumekaa kwetu. Mama akiosha sufuria, vidole vilianza kuipiga taratibu, kisha akavizuia.

Kilichomuuma si kutoalikwa. Kilichomuuma ni kuwa hakujua kama ni kweli. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu, na kama ameingiza wito wa kifo katika nyumba ya watu, alitaka ajue apate kutubu. Akamwomba baba ruhusa aende akaione. Baba aliizungusha tasbihi kidoleni hata nikadhani hakusikia.

"Nenda ukajue," akasema mwisho. "Lakini magharibi ikukute ng'ambo hii."

Sinema ya wanawake ilikuwa mchana, siku moja kwa wiki, na mwanamume haingii ila yule wa juu mwenye mashine. Mama alilifukiza buibui kana kwamba twaenda kuposa. Taa zilipozimwa mabuibui yakateremka mabegani, pakawa na harufu ya asumini, njugu na maziwa ya watoto wachanga. Wanawake walikuwa wakisema na watu wa kwenye kitambaa kama wasemavyo na wana wao: usiingie, mwanangu, rudi kwenu, mamako yuwakungojea. Mama mmoja wa mjini, mtu mzima aliyeketi kando yetu, akitufasiria. Wimbo ulipokuja, ukumbi mzima uliimba ila mamangu. Yeye alinishika mkono.

Sinema ilikuwa ndefu. Polisi ameshaufikia mlango wa ile nyumba, filimbi yaanza tena, ndipo mwanamke wa mlangoni alipoita gizani, "Wa Likoni, feri."

Ndiyo ilivyokuwa desturi. Wa mjini hubaki, sisi wa ng'ambo huinuka kuiwahi feri kabla ya magharibi, kila mtu ajifunika buibui lake, aokota mwanawe, apapasa kiatu chini ya kiti. Mama hakuinuka. Yule wa mjini akamgusa goti. "Keti, dadangu. Sinema ni mwisho wake." Nilimwona mama ameitumbulia macho ile nyumba ya ziwani, kitasa chazunguka. Kisha akasimama, akanivuta, na mlango ukafungwa nyuma yetu na wimbo ukabaki ndani.

Magharibi ilitukuta Likoni. Kesho yake alikwenda kwa Bi Kibibi, mimi nyuma yake. Akamwamkia, akaketi, akamuuliza kwa upole kama yeye siku ile alibaki mpaka mwisho.

Bi Kibibi akacheka. "Mwisho? Wewe nawe! Lini mtu wa Likoni akauona mwisho?"

Kisha akaacha kucheka, akaziba mdomo kwa leso.

Habari ilienea kabla ya adhuhuri. Kumbe miaka yote twahadithiana sinema za kukatika, kila mtu atia mwisho wake autakao. Mamake bwana harusi alikuja mwenyewe kuomba radhi na kumwalika mama aimbe harusi ya binti yake. Mama akamsamehe, lakini kuimba akakataa. "Nyinyi hamjui, na mimi sijui," akasema. "Sitaimba nisilolijua."

Siku kadhaa zikapita. Jioni moja baba alirudi kazini, na badala ya kwenda kuoga akaketi uani karibu na meko, na jasho lake.

"Fatuma."

"Abee, baba."

Akaniambia nipeleke bakuli la mchuzi kwa bibi. Nikashangaa, maana nilishapeleka. Nilipofika penye ua wetu wa makuti nikageuka. Baba alikuwa ameinama kwa mama, asema chini chini, na mikono yake ile minene yafungua mlango hewani, yainua taa. Mama ameuacha mwiko chunguni. Niliporudi samaki walikuwa wameungua, na mama ajifuta macho, acheka. Nikadhani ni moshi.

Kwenye harusi ile ya binti, wimbo wa kwanza aliouimba mama ulikuwa ni ule.

Nilishakuwa mke wa mtu, na watoto, ndipo mama aliponieleza. Baba alimwendea karani mmoja wa Kihindi kule bandarini akamuuliza yule mwanamke wa ziwani alifanya nini. Karani ana kazi zake, akawa amhadithia vipande vipande, na wachukuzi wenzake baba wakasikia. Wakamwita Mwadhini wa Sinema mpaka alipostaafu. Naye akavumilia. Nikamuuliza mama, haya, mwisho wake ulikuwaje? Akanitazama kama nimeomba kitu cha kabatini mwake.

"Huo ni wangu na babako."

Wote wawili sasa wamelala Bofu. Wanangu wasema kanda za video zapatikana, wanitafutie. Nimewakataza. Utotoni nilimwekea baba kinyongo moyoni, nikiamini kuwa amemnyima mama ule mwisho. Kumbe alikwenda kumwombea kwa watu, akachekwa, akamletea nyumbani. Mimi sitamani kuujua. Natamani kusimama tena penye ule ua wa makuti, bakuli la moto mkononi, nimtazame babangu akionyesha jinsi mlango ulivyofunguliwa.